Kikokotoo kiwe cha shule, akili iwe ya mwanafunzi

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Mei, vijana wetu wa kidato cha sita huingia katika vyumba vya mitihani kukabili karatasi mbili za somo la Hisabati ya Juu. Katika miaka ya karibuni, karatasi ya kwanza imekuwa na maswali kumi, yote ya lazima, kila moja likiwa na alama kumi. Na swali linaloifungua karatasi hiyo limekuwa likimtaka mtahiniwa atumie kikokotoo cha kisayansi kupata jibu. Maana yake ni moja tu. Kijana asiye na chombo hicho, au aliye nacho asijue kukitumia, huanza safari akiwa amekwisha kuachwa nyuma, kabla wenzake hawajageuza ukurasa wa kwanza.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Kikokotoo ni kitu cha kutia mfukoni, na wapo watu wazima wanaodhani kwamba mjadala juu yake ni mjadala wa wenye maduka na wanafunzi wenyewe. Hapana budi tuseme wazi kwamba dhana hiyo ni potofu. Ndani ya suala la kikokotoo mna maswali mawili ambayo Chama na Serikali yake havijapata kuyaona kuwa madogo tangu siku za Azimio la Arusha: nani anapata nafasi sawa ya kusoma, na elimu tunayoitoa inamjenga mtu anayefikiri au mtu anayetii kifaa. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maswali hayo mawili, na kupendekeza njia ya kuyajibu.

HISABATI YA MABADILIKO

Kwanza tuelewane juu ya somo lenyewe. Kiini cha hisabati ya kidato cha tano na sita ni kalkulasi, yaani hisabati inayopima mabadiliko. Ina mikono miwili. Mkono wa kwanza hutafuta kasi ya badiliko katika nukta moja. Mkono wa pili hukusanya vipande vidogo vidogo visivyohesabika hata vikawa jumla moja kamili. Wengi waliopita shuleni huukumbuka mkono wa kwanza kama kanuni ya kushusha kipeo, na mkono wa pili kama alama ndefu iliyopinda mithili ya ndoana. Waliokumbuka hayo tu hawakufundishwa kalkulasi, walifundishwa kuiandika.

Mkoani Morogoro, ambako shule za vipaji maalumu za Mzumbe kwa wavulana na Kilakala kwa wasichana zimewalea vijana wengi wa masomo ya sayansi, mwalimu wa hisabati hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Na aitazame milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka mjini, kinapita meta 2,100. Na Kimhandu, huko kusini zaidi, kinapita meta 2,600. Mkulima anayepanda kwenda shambani kwake anajua jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi: mteremko haulingani hatua kwa hatua. Ukigawanya kimo chote kwa mwendo wote, utapata wastani. Lakini wastani haukuambii mahali ambapo jembe litateleza, wala mahali ambapo mvua ya masika itauchukua udongo. Linalotakiwa ni kuujua mteremko wa pale unaposimama. Huo ndio mkono wa kwanza wa kalkulasi.

Mkono wa pili umo katika maji. Mto Ruvu hupata maji yake katika milima hiyo, na kwa njia ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huwanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Mto Ngerengere hulijaza bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980, ambalo huupatia mji wa Morogoro maji. Sasa tuseme, kwa mfano wa darasani tu, kwamba mvua kubwa imenyesha milimani, na msomaji wa kipimo ameandika wingi wa maji yanayopita mtoni kwa vipindi vya saa moja moja: kwanza meta za ujazo 4 kwa sekunde, kisha 10, kisha 6. Je, katika saa hizo mbili yamepita maji kiasi gani?

Mwanafunzi wa kidato cha sita ana kanuni mbili za kulijibu swali hilo. Ya kwanza huunganisha vipimo kwa mistari iliyonyooka, na hutoa jibu la meta za ujazo 54,000. Ya pili, iitwayo kanuni ya Simpson, hupitisha tao juu ya vipimo vyote vitatu, na hutoa meta za ujazo 60,000. Tofauti ni meta za ujazo 6,000, yaani lita milioni 6, sawa na mapipa 30,000 ya lita 200 kila moja. Hesabu zote mbili zinafanyika kwa kalamu na karatasi, bila mashine yoyote. Lakini ipi iliyo karibu na kweli? Jibu lategemea namna mto ulivyopanda na kushuka: kwa ghafla au kwa taratibu. Hilo halimo katika kikokotoo chochote kilichopata kutengenezwa. Limo katika kichwa cha mtu aliyeuelewa mto na kuielewa kanuni.

Wala huu si mchezo wa darasani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, kina cha maji ya Ruvu kiliposhuka kwa ukame, wakazi wa Dar es Salaam waligawiwa maji kwa zamu. Novemba ya mwaka huo huo ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, katika Wilaya ya Morogoro, lililosanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Bwawa la namna hiyo husanifiwa kwa kukusanya vipande vidogo vya mtiririko wa miaka mingi, mvua kwa mvua, kiangazi kwa kiangazi. Taifa lisilo na vijana wanaoweza kufanya kazi hiyo kwa akili zao litabaki kununua majibu kutoka ng'ambo, na anayenunua jibu hana uwezo wa kujua kama ameuziwa kosa.

TULIKOTOKA

Ni vyema tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, mitihani ya shule zetu za sekondari ilitungwa na kusahihishwa Cambridge, Uingereza. Baadaye tuliingia katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, tukajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaanzishwa kwa sheria Baraza letu wenyewe la Mitihani la Tanzania. Huo ulikuwa ukombozi wa kweli, maana taifa linalopimwa na wengine husoma kile ambacho wengine wanataka lisome. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuonya juu ya elimu inayopima uwezo wa mtu wa kukariri mambo na kuyatapika siku ya mtihani. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi kwa muda wote wa masomo navyo vihesabiwe.

Zana za kuhesabia nazo zilibadilika. Wanafunzi wa enzi hizo walitumia vitabu vya majedwali ya tarakimu nne, na waliobahatika walikuwa na rula ya kukokotolea, ile yenye ulimi unaosogezwa. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kutia mfukoni, na katika muda wa miaka michache rula ile ikawa kitu cha kabati la kumbukumbu. Leo karatasi ya Hisabati ya Juu humruhusu mtahiniwa kuingia na majedwali pamoja na kikokotoo kisichopokea programu. Uamuzi huo ni sahihi. Hakuna fahari ya kumtaka kijana wa leo atumie nusu saa kutafuta kipeo cha pili cha namba yenye tarakimu sita ilhali mhandisi anayemsubiri kazini hafanyi hivyo.

UKUTA KATI YA KIDATO CHA NNE NA CHA TANO

Lakini hapa ndipo tatizo linapoanzia. Kwa miaka mingi, mtahiniwa wa Hisabati ya kidato cha nne amekatazwa kuingia na kikokotoo katika chumba cha mtihani. Ameruhusiwa majedwali tu. Kwa hiyo mwalimu wa kidato cha kwanza hadi cha nne, naye ni mtu mwenye akili, hakipi kikokotoo nafasi katika kufundisha kwake. Kisha kijana huyo huyo akifika kidato cha tano hukuta kwamba mada ya kwanza ni matumizi ya vyombo vya kukokotolea, na kwamba atapimwa kwayo. Amelala akiwa haramu, ameamka akiwa faradhi!

Sisemi kwamba katazo la kidato cha nne halina sababu. Lina sababu nzito. Katika mitihani ya mwaka 2021 na 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati ya kidato cha nne. Ni haki kabisa kuhofia kwamba mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha akipewa mashine hatalijua hata siku ya kufa. Hata hivyo, kukataza chombo katika chumba cha mtihani ni jambo moja, na kukataza maarifa ya chombo hicho darasani ni jambo jingine. Hatuwakatazi madereva wanafunzi kugusa usukani mpaka siku ya kupewa leseni.

MASHINE ISIYOLALAMIKA

Hasara ya kutofundishwa inaonekana katika kosa moja ambalo kila mwalimu wa Hisabati ya Juu analijua. Pembe zinaweza kupimwa kwa nyuzi, kama tulivyozoea tangu shule ya msingi, au kwa radiani, kipimo kinachotokana na urefu wa tao la duara. Kanuni za kalkulasi zinazohusu saini na kosaini zimesimama juu ya radiani. Kikokotoo kina hali zote mbili, na ni juu ya mtumiaji kuchagua.

Chukua eneo lililo chini ya mchirizo wa saini, kuanzia sifuri hadi pai. Jibu lake ni 2 kamili, na mwanafunzi hodari hulipata kwa mistari mitatu. Mwanafunzi aliyeacha kikokotoo chake katika hali ya nyuzi atabonyeza vitufe vile vile, na mashine itampa takriban 0.086. Haitalia, haitawaka taa nyekundu, haitamwambia kwamba amekosea. Itamwonyesha tarakimu nyingi zilizopangwa kwa nadhifu baada ya nukta, naye ataziandika zote kwa imani. Ni yule tu aliyekwisha kuuchora mchirizo ule, akaona kwamba unafika kimo cha 1 na upana wake unazidi 3, atakayesema: haiwezekani, eneo hili haliwezi kuwa dogo hivi. Kusema "haiwezekani" ndiyo hisabati yenyewe. Vitufe ni karani tu.

Historia ya Uluguru inatufundisha somo la namna hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mteremko ulipimwa na mistari ikachorwa. Lakini katika sehemu nyingi matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba na kuuweka juu, na wakulima, ambao walikuwa na njia zao za kulima milimani, hawakuulizwa. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, pakatokea ghasia, na mpango wote ukaanguka. Jibu lililotoka katika kipimo bila kumwuliza anayelijua shamba lilikuwa jibu la kikokotoo kilichowekwa katika hali isiyo yake.

NANI ANUNUE?

Sasa tulitazame swali la usawa. Sharti la mtihani ni kwamba kikokotoo kisiwe cha kupokea programu. Ni sharti jema, lakini halitoshi, maana ndani ya vikokotoo visivyopokea programu mna tabaka. Kipo cha kawaida, kama Casio fx-82, kinachotoa saini, logi, vipeo na takwimu. Na kipo cha juu yake, kama Casio fx-991, ambacho pamoja na hayo yote kina kitufe cha kukokotoa eneo lililo chini ya mchirizo, kitufe cha kupata mteremko wa nukta, na uwezo wa kufumbua milinganyo. Vyote viwili vinaingia mlangoni chini ya sharti lile lile.

Tuwachukue vijana wawili waliopangwa shule moja, mmoja mtoto wa ofisa wa mjini, mwingine mtoto wa mkulima wa mboga wa Mgeta. Wote wawili wamefundishwa na mwalimu mmoja, wote wawili wamefumbua swali la eneo kwa kalamu. Wa kwanza anabonyeza kitufe na kwa sekunde chache anajua kama jibu lake ni sahihi; akikuta kosa analisahihisha. Wa pili hana kitufe hicho, na anaendelea mbele kwa kubahatisha. Mtahini anayesahihisha karatasi zao Dar es Salaam au Dodoma hataiona tofauti ile. Ataona tu kwamba mmoja amepata na mwingine amekosa, na ataandika alama. Hivyo tofauti ya mifuko ya wazazi itageuka tofauti ya akili za watoto katika kumbukumbu za taifa.

Ndugu msomaji, Serikali ya Chama Cha Mapinduzi ilifuta ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ikafuta pia ada ya kidato cha tano na sita. Mwaka huo huo wa masomo ulianzishwa ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Hizo ni hatua kubwa. Lakini mzazi aliyefutiwa ada bado huletewa orodha ya mahitaji: godoro, sare, madaftari, na humo katikati, bila maelezo, neno "kikokotoo". Cha aina gani? Chenye uwezo gani? Orodha haisemi. Mzazi huenda sokoni akanunua kinachofanana na alichoelezwa, wakati mwingine bidhaa ya kughushi iliyobandikwa jina la kampuni maarufu, ambayo vitufe vyake hukwama kabla muhula haujakwisha. Mlango ulifunguliwa kwa kufutwa ada. Haifai kizingiti kiachwe kiwe kirefu kiasi hiki.

WAPO WATAKAOSEMA

Wapo watakaosema: ondoeni vikokotoo kabisa, turudi kwenye majedwali, wote wawe sawa. Usawa wa namna hiyo ni usawa wa kunyimana. Mtihani wa taifa hauna budi kuandaa vijana kwa kazi za taifa. Treni ya umeme ilipoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, ilipita katika kona zilizokokotolewa kwa kompyuta na watu wanaojua kalkulasi. Tunawataka vijana wetu wawe miongoni mwa watu hao, na hawatafika huko kwa kufichwa zana.

Wapo watakaosema: acheni kila mzazi anunue anachoweza, hata vitabu tumekuwa tukinunua. Hao wanasahau kwamba kitabu hakiingii katika chumba cha mtihani. Chombo kinachoingia katika chumba cha mtihani ni sehemu ya mtihani, na sehemu ya mtihani haiwezi kuuzwa dukani kwa bei mbalimbali.

Na wapo, hasa miongoni mwa vijana wenyewe, watakaosema kwamba hoja imepitwa na wakati, kwa kuwa simu ya mkononi hufumbua kalkulasi yote na kuonyesha hatua. Ni kweli, na ndiyo sababu hoja hii ina uzito zaidi leo kuliko jana. Mashine zikizidi kuwa hodari wa kujibu, thamani ya binadamu inazidi kuwa katika kuuliza na katika kupima jibu. Kijana anayenakili hatua kutoka katika simu hana tofauti na yule wa zamani aliyenakili kwa jirani yake. Jirani tu ndiye aliyebadilika.

LA KUFANYA

Yapo mambo manne yanayowezekana.

La kwanza, vyombo vinavyosimamia mitaala na mitihani vitangaze aina mahususi ya uwezo wa kikokotoo kinachoruhusiwa, na kiwe kimoja kwa wote: ama wote wawe na kitufe cha eneo, ama wote wasiwe nacho. Mtaala umeboreshwa mwaka 2023. Jambo hili lingepata nafasi yake vizuri katika utekelezaji wa mtaala huo.

La pili, kikokotoo kiwe mali ya shule. Shule inayofundisha Hisabati ya Juu iwe navyo katika bohari yake, vikiwa na namba, vikiazimwa kwa mwanafunzi kidato cha tano na kurudishwa baada ya mtihani, kama vile tunavyofanya kwa vifaa vya maabara. Chombo kinachotunzwa vizuri huwahudumia wanafunzi wa miaka mingi. Halmashauri zinazonunua kemikali na mizani haziwezi kushindwa na jambo hili.

La tatu, matumizi ya kikokotoo yafundishwe kuanzia kidato cha tatu, hata kama mtihani wa kidato cha nne utaendelea kukikataza. Na yafundishwe kwa sharti moja: mwanafunzi aandike kwanza makadirio yake kwa kichwa, ndipo abonyeze. Jibu la mashine lisipofanana na makadirio, atafute nani amekosea kati yao wawili. Kwa njia hiyo chombo kitakuwa kipimo cha akili, si badala yake.

La nne, watunzi wa maswali wazidi kutoa alama kwa hoja kuliko kwa tarakimu. Swali linalouliza "pata jibu kwa kikokotoo" hupima vidole. Swali linalotoa vipimo vitatu vya mto na kuuliza kanuni ipi inafaa, na kwa nini, hupima mtu. Na hapa lugha isisahauliwe. Mwanafunzi wetu hujifunza kalkulasi kwa Kiingereza, na mara nyingi huyameza maneno yake mazima mazima. Mwalimu anayesimama dakika tano na kueleza kwa Kiswahili kwamba jambo linalotafutwa ni kasi ya badiliko tu, hajavunja taaluma, ameifikisha nyumbani.

Watumishi wa umma na walimu wanaosoma ukurasa huu wanalijua neno "kikokotoo" kwa maana nyingine, na hawahitaji kukumbushwa. Kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu iliyotolewa mwaka 2018 ilizua malalamiko makubwa hata ikasitishwa Desemba ya mwaka huo. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa kuwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 hapo awali. Serikali ilisikia kwa sababu watumishi walisema. Lakini tujiulize kwa unyofu: ni wangapi kati yetu tuliweza kukaa na kalamu, tukaiandika kanuni ile, tukaona wenyewe nini kinapungua katika mkupuo na nini kinaongezeka katika pensheni ya kila mwezi? Wengi tulisubiri kuambiwa. Mtu mzima anayesubiri kuambiwa hesabu ya jasho lake mwenyewe ni yule mwanafunzi wa jana aliyefundishwa vitufe asifundishwe maana.

Elimu ya kujitegemea haikuwa na maana ya jembe peke yake. Ilikuwa na maana ya mtu anayeweza kusimama mbele ya jibu lililoletwa na mkubwa wake, au na mgeni, au na mashine, akalipima kabla ya kulikubali. Mtoto wa Mgeta na mtoto wa mjini wote wanastahili uwezo huo kwa kipimo kimoja. Tuwape kikokotoo cha aina moja kutoka katika kabati moja, kisha tuwaache washindane kwa kile ambacho hakinunuliwi.